Sura ya Tano: Majina ya Wapita Njia

Katika The Empire Strikes Back, filamu ya pili ya Star Wars iliyotoka mwaka 1980, kuna mtu anayekatiza mbele ya kamera akikimbia. Mji wa Cloud City, unaoelea juu ya mawingu, umetwaliwa na askari wa Dola. Lando Calrissian, mtawala wa mji, amewatangazia wakazi waondoke, na kwenye korido kila mmoja ameshika chake anatimka. Mtu huyu amevaa ovaroli ya rangi ya chungwa na amekumbatia kitu cheupe mfano wa pipa dogo. Anaonekana kwa muda wa kupepesa macho, hasemi neno, na hatumwoni tena. Wenye macho makali walikitambua kile kitu: ni mashine ya kutengenezea askrimu nyumbani, ya aina iliyokuwa ikiuzwa madukani Marekani.

Kwa filamu nyingine habari ingeishia hapo. Lakini mwaka 1997 kampuni ya Decipher, iliyochapisha mchezo wa karata wa Star Wars, ilitoa seti ya Cloud City, na ndani yake mkimbiaji yule akapata karata yake na jina: Willrow Hood. Akapata na kazi, mchimbaji wa gesi. Baadaye ikaelezwa alikuwa akikimbilia nini: mashine ile ilikuwa kumbukumbu ya kompyuta yenye habari za Waasi, na alitaka kuiharibu kabla Dola haijaipata. Mashabiki wakashona ovaroli za chungwa, wakatafuta mashine za askrimu za zamani, wakawa wanakimbia kwa kundi katika makongamano ya Star Wars Celebration. Mwaka 2019 mfululizo wa televisheni wa The Mandalorian ukaonyesha chombo cha umbo lile lile kikitumika kama kasha la kuhifadhia madini ya thamani, na ukakiita camtono. Ilichukua miaka 39 kwa wenye filamu wenyewe kukubali kwamba kitu kile kina matumizi katika galaksi yao.

Sura hii ni ya watu wa aina ya Willrow Hood. Stelingi yuko katika kila filamu, na kila filamu ina adui wake. Kinachoifanya galaksi ya George Lucas ionekane kama mahali ambapo watu wanaishi ni kwamba hata mpita njia ana kwao, ana kazi, ana ndugu, na ukimkuta katika kitabu kingine miaka kumi baadaye utamkuta ni yule yule. Kazi hiyo ilifanywa na watu wengi ambao wengi wao hawakuwahi kukaa chumba kimoja: waandishi wa riwaya, wachora katuni, watengeneza vinyago vya plastiki, wabunifu wa michezo. Kilichowaunganisha ni mwendelezo, yaani ahadi kwamba alichokiandika mmoja, mwenzake atakiheshimu.

Ahadi hiyo ni ngeni kuliko inavyoonekana. Hadithi za Abunuwasi nazo ni za wasimulizi wengi, na kila mmoja anamtuma Abunuwasi anakotaka. Leo yuko mbele ya sultani, kesho amekufa na mkewe analia, keshokutwa yuko sokoni tena, na hakuna msikilizaji anayeuliza ni mwaka gani au kama alishafufuka. Msomaji wa Star Wars anauliza. Anataka kujua tarehe, umri wa mhusika, alitua sayari gani siku ileile ambayo kitabu kingine kilisema yuko gerezani. Na waandishi, kwa miongo mitatu na zaidi, walijitahidi kumjibu.

Mwanzoni hakukuwa na mpango. Filamu ya kwanza ilipotoka Mei 1977, ile baa ya Mos Eisley ilijaa viumbe waliovishwa barakoa, na wafanyakazi wakawaita kwa sura zao: huyu ana kichwa kama nyundo, yule ana meno ya walrasi. Kampuni ya vinyago ya Kenner ikayauza majina hayo ya utani kama yalivyokuwa, na kwa watoto wa kizazi kile kiumbe yule mwenye kichwa kirefu kilichopinda alikuwa Hammerhead, basi. Kisa cha Snaggletooth ndicho kinachonipendeza zaidi. Wachongaji wa Kenner walikuwa na picha iliyomwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kwa hiyo wakamkisia: wakamfanya mrefu, wakamvika buluu na buti. Alipokuja kujulikana kuwa ni mfupi na nguo zake ni nyekundu, kinyago kikasahihishwa, lakini wale warefu wa buluu walikuwa wameshauzwa mwaka 1978 pamoja na seti ya baa iliyopatikana katika maduka ya Sears. Mtu mwingine angesema ni kosa la kiwandani, likasahaulika. Waandishi waliokuja baadaye hawakutaka mtoto aliyemshika Snaggletooth wa buluu awe ameshika uongo. Wakaamua kwamba walikuwa wawili.

Aliyegeuza utani huu kuwa elimu ni mchapishaji mdogo wa michezo, West End Games. Mwaka 1987 ilitoa mchezo wa mezani ambamo wachezaji wanajitungia wahusika na kuwaingiza katika galaksi ile. Mchezo wa namna hiyo hauendi bila majibu. Mchezaji anataka kuwa wa kabila la yule mwenye kichwa cha nyundo: anatoka sayari gani, anakula nini, anaogopa nini? Filamu haikuwa imesema. Basi wabunifu kama Bill Slavicsek na Curtis Smith wakaketi na picha na kuanza kujaza nafasi zilizo wazi. Hammerhead akawa Momaw Nadon, wa watu waitwao Ithorian. Mwaka 1995 Kevin J. Anderson alihariri kitabu cha hadithi fupi, Tales from the Mos Eisley Cantina, ambamo kila hadithi ni ya mteja mmoja wa baa ile. Hadithi ya Momaw Nadon iliandikwa na Dave Wolverton: kuhani wa watu wasiomwaga damu, aliyefukuzwa kwao kwa sababu alimpa ofisa wa Dola siri za kilimo chao ili kuuokoa msitu usichomwe, na sasa ofisa yule yule anakanyaga vumbi la Mos Eisley na kulipiza kisasi kunawezekana. Ukimaliza hadithi hiyo, ukarudi kwenye filamu na kumwona amekaa mezani kwake sekunde mbili tatu, huwezi tena kumwona kama pambo.

Lucasfilm ilipompa Timothy Zahn kazi ya kuandika riwaya mpya, ilimpelekea vitabu vya West End Games ili asijitungie upya kilichokwisha kutungwa. Heir to the Empire ilitoka mwaka 1991, ikafika namba moja katika orodha ya New York Times, na ikatupa vitu viwili ambavyo havijatoka tangu hapo: Admirali Mkuu Thrawn, na jina Coruscant kwa mji mkuu wa galaksi. Jina hilo Lucas mwenyewe alilitumia katika The Phantom Menace mwaka 1999. Tazama njia yake. Riwaya ya mtu wa nje, iliyojengwa juu ya vitabu vya mchezo, vilivyojengwa juu ya barakoa, ikarudi ndani ya filamu ya mwenye mali.

Kuna mpita njia mmoja anayetuhusu sisi zaidi ya wengine. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, Lando anaiongoza meli ya Millennium Falcon kuishambulia Death Star ya pili, silaha kubwa ya Dola, na pembeni yake ameketi rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoning'inia, masikio mapana na macho meusi makubwa. Ni Nien Nunb, Msullusti. Anazungumza kwa lugha yake na Lando anamjibu kwa Kiingereza kana kwamba hakuna cha ajabu.

Sauti ile ni ya Mkenya. Ben Burtt, fundi wa sauti wa filamu hizi, alikuwa na desturi ya kutafuta lugha ambazo watazamaji wa Marekani hawajazizoea, ili mdundo wake uwe wa kweli hata kama maana imefichika. Wajawa wa jangwani walitokana na Kizulu kilichoharakishwa, na Waewoki walianza na sauti ya mwanamke mzee aliyezungumza Kikalmyk. Kwa Nien Nunb alimpata Kipsang Rotich, mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa akisoma Marekani, ambaye aliyasema maneno yale kwa Kikuyu na Kikalenjin. Hayakugeuzwa wala kuharibiwa kwa mashine. Anayejua Kikuyu anayasikia, na anasikia pia kwamba mengine hayahusiani na vita hata kidogo: mahali pamoja rubani anawaita watu walioko kule waje hapa.

Nina maoni mawili kuhusu jambo hili, na yote mawili nayashikilia. Kuna ubaya wa wazi katika kuzichukua lugha za Afrika kwa sababu tu zinasikika kama za mbali, kana kwamba mbali kuna mahali pamoja tu, na Mkikuyu na kiumbe wa Sullust wanatoka huko. Burtt hakuwa na nia mbaya, ila tabia ile ilikuwa ya Hollywood nzima. Hata hivyo, kati ya viumbe wote wa galaksi ile, Nien Nunb ni mmoja wa wachache ambao lugha yao ni lugha nzima, yenye sarufi na pumzi. Kicheko chake kina uhai kwa sababu anayecheka anajua anachosema. Rafiki wa Lando anasikika kuwa rafiki.

Nje ya filamu, maisha yake yaliendelea kuandikwa. Alikuwa dereva wa mizigo wa shirika la SoroSuub la kwao Sullust, akaligeuka lilipoegemea upande wa Dola na kuwa mlanguzi. Katika riwaya za Kevin J. Anderson za mwaka 1994 Lando anamkabidhi usimamizi wa migodi ya Kessel. Mwaka 1996 Michael Stackpole akamtungia dada, Aril Nunb, ofisa wa kikosi cha marubani cha Rogue. Halafu vyote hivyo vikafutwa, kama nitakavyoeleza, na mwaka 2015 akaanza upya: katika katuni za Princess Leia zilizoandikwa na Mark Waid, Leia anasafiri naye muda mfupi baada ya filamu ya kwanza. Historia yake ilibadilika karibu yote. Kitu kimoja hakikubadilika. Watengenezaji wa The Force Awakens, mwaka ule ule wa 2015, walipomrudisha ndani ya chombo chake cha vita, walimtafuta Kipsang Rotich, akarudi kusema. Miaka 32 ilikuwa imepita. Katika filamu hiyo hiyo Maz Kanata, yule bibi mdogo mwenye miwani mikubwa, ana sauti ya Lupita Nyong'o. Zipo sauti mbili za Kenya katika filamu moja, na moja kati yake ilitangulia kufika galaksi ile kabla Nyong'o mwenyewe hajaanza shule. Nien Nunb alifariki vitani katika The Rise of Skywalker ya mwaka 2019. Mwaka huo huo bustani mojawapo ya Disney ilifungua kivutio kikubwa cha Rise of the Resistance, ambamo rubani anayewapakia wageni ni yeye.

Kulinganisha maandishi ya watu wengi kiasi hiki ni kazi, na mwaka 2000 Lucasfilm ilimwajiri Leland Chee kuifanya. Alijenga hifadhidata aliyoiita Holocron, kwa jina la kile kifaa ambacho Majedi hutunzia elimu yao, na humo akaingiza kila mhusika, sayari, silaha na tarehe. Kila kitu kiliwekewa herufi ya daraja. G ilikuwa ya George: filamu na kauli zake. T ilikuwa ya televisheni, C ya riwaya na katuni, S ya vitu vya zamani ambavyo mwandishi anaweza kuvitumia au kuviacha. Daraja la juu likigongana na la chini, la juu linashinda. Wapo waliolicheka jambo hili na kuliona ni urasimu wa kitoto. Mimi naliona kama heshima. Mtu alilipwa mshahara ili dada wa Nien Nunb asipotee.

Mgongano ulipotokea, waandishi wazuri waliugeuza kuwa hadithi. Han Solo anajisifu katika filamu ya kwanza kwamba safari ya Kessel aliimaliza kwa chini ya parseki 12, kana kwamba parseki ni muda. Ni umbali, miaka ya nuru 3.26. A. C. Crispin, katika Rebel Dawn ya mwaka 1998, akamwonyesha Han akipita karibu kabisa na mashimo meusi na kuifupisha njia yenyewe, na filamu ya Solo ya mwaka 2018 ikafuata wazo la namna hiyo. Ramani za Death Star nazo ziliibwa mara nyingi mno: katika mchezo wa redio wa mwaka 1981, katika michezo ya kompyuta, na kwa mkono wa Kyle Katarn katika Dark Forces ya mwaka 1995. Suluhisho likawa kwamba ziliibwa vipande vipande, na watu tofauti. Naona hilo ni jibu bora kuliko alivyotarajia yeyote, maana linawapa watu wengi fungu katika ushindi ambao filamu ilimpa mmoja.

Mwisho wa utaratibu huo una tarehe. Disney ilinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa dola bilioni 4 na ushee, na ilitaka filamu mpya. Wahusika walikuwa wameshaandikiwa miongo ya maisha baada ya filamu ya mwaka 1983: wameoa, wamezaa, wamezika. Chewbacca, mwenzake Han Solo, alikuwa ameuawa tangu mwaka 1999, katika Vector Prime ya R. A. Salvatore, mwezi ulipoangushwa juu ya sayari ya Sernpidal naye akiwa amesimama chini yake. Hakuna mtu angetengeneza filamu mpya bila Chewbacca. Tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm ikatangaza kwamba kinachobaki kuwa kweli ni filamu sita na mfululizo wa televisheni wa The Clone Wars. Mengine yote yangeendelea kuchapishwa kwa jina jipya, Legends.

Ninaielewa sababu, na bado nasema kuna kitu kilivunjwa. Msomaji aliyemlilia Chewbacca mwaka 1999 aliambiwa kwamba kilio kile hakikuwa na marehemu. Waandishi waliotumia miaka wakishonea vitabu vyao kwenye vitabu vya wenzao waliona nyuzi zikikatwa kwa pigo moja. Kyle Katarn akaondoka, na mwaka 2016 Rogue One ikawapa Jyn Erso na wenzake wizi wa ramani, na wote wakafa kwa ajili yake. Ni filamu nzuri, pengine bora kuliko zote za enzi ya Disney. Haijamfidia Katarn.

Baadhi walirudi. Thrawn alirudi mwaka 2016 katika mfululizo wa Rebels, mwaka 2017 Zahn akaruhusiwa kumwandikia riwaya mpya, na mwaka 2023 Lars Mikkelsen akamwigiza katika Ahsoka akiwa mtu mzima wa nyama na damu. Lakini Thrawn ni mkubwa, angerudi kwa vyovyote. Tazama badala yake safari ya jina la Jaster Mereel.

Mwaka 1996 Daniel Keys Moran aliandika hadithi ya Boba Fett, mwindaji wa kulipwa ambaye filamu zilimpa sentensi chache tu na mashabiki wakampa mioyo yao. Moran alisema jina lake halisi ni Jaster Mereel, mlinzi wa sheria wa Concord Dawn aliyemuua ofisa mwenzake fisadi akafukuzwa. Miaka sita baadaye Lucas akatoa Attack of the Clones: Boba ni nakala ya Jango Fett, aliyekuzwa kama mwanawe. Hadithi ya Moran ilikuwa imekufa. Mwaka ule ule Haden Blackman, katika katuni za Jango Fett: Open Seasons, akamwokota Jaster na kumpa mahali pengine. Akawa kiongozi wa Wamandalori aliyemchukua Jango alipobaki yatima Concord Dawn na kumlea. Jina ambalo Boba alikuwa nalo likawa la mlezi wa baba yake, lililoazimwa kwa heshima. Mwaka 2010 kipindi cha The Clone Wars kikamweka waziri mkuu wa Mandalore aseme kwamba Jango hakuwa Mmandalori kabisa, na mwaka 2014 Open Seasons ikaingizwa Legends pamoja na mengine. Jaster alikuwa amefutwa mara mbili.

Mwaka 2020, katika msimu wa pili wa The Mandalorian, Boba Fett anamwonyesha Din Djarin, mhusika mkuu wa mfululizo huo, rekodi ya ukoo wake kuthibitisha kwamba deraya anayoidai ni yake kwa urithi. Inamulika hewani kwa sekunde chache, kwa herufi za Kimandalori, na hakuna anayeisoma kwa sauti. Waliosimamisha picha na kuzifasiri herufi moja moja walikuta Concord Dawn, na jina la mlezi wa Jango likianza: Jast.